Stata ya umeme kwenye Norton ya zamani: namna ya kuifunga Malindi ikadumu

Mzee mmoja wa Shela, Shela ya hapa Malindi si ile ya Lamu, ana pikipiki ya Norton Commando 850 ya mwaka 1974. Ameiendesha tangu ujana wake, na miaka yote hiyo akiiwasha kwa mguu wa kulia. Mwaka jana alikuja gereji akitembelea mkongojo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi akaunyoosha mguu. "Mwanangu," akaniambia, "pikipiki nzima, goti ndilo lililokufa. Niwekee kitufe."

Commando zilizotoka kiwandani kabla ya 1975 hazikuwa na stata ya umeme. Leo kuna mafundi ng'ambo wanaotengeneza seti za kuongezea: Alton wa Ufaransa wanayo, Colorado Norton Works wa Marekani wanayo, na wengine wadogo wadogo. Ukijumlisha bei, usafirishaji na ushuru, pesa hiyo inanunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Ndiyo maana kila mwenye pikipiki ya zamani anaponipigia simu, swali lake la kwanza ni hili: je, hizi stata zinadumu?

Zinadumu. Lakini hazidumu kwenye kila pikipiki. Katika stata za kuongezea zilizopita mikononi mwangu, mota yenyewe ni nadra sana kuikuta imekufa. Kilichokufa ni klachi ya njia moja (kipande kinachoiunganisha mota na injini wakati wa kuwasha), au betri, au waya. Na hivyo vitatu vilikufa kwa sababu ya mambo yaliyokuwepo kwenye pikipiki kabla stata haijafika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya wakati boksi la stata bado limefungwa.

Mfano wangu ni Norton kwa kuwa ndiyo niliyoifungua zaidi. Mwenye Triumph au BSA atafuata njia ile ile, vipimo vyake atavichukua kwenye kitabu cha pikipiki yake.

Hatua ya kwanza: iwake kwa teke moja

Usinunue stata kwa sababu pikipiki haitaki kuwaka. Pikipiki inayohitaji mateke kumi itahitaji sekunde arobaini za kitufe, na hakuna mota ndogo ya pikipiki inayovumilia hivyo kila asubuhi. Itengeneze kwanza mpaka iwake kwa teke la kwanza au la pili ikiwa baridi, na la kwanza ikiwa na moto.

Commando 850 ina kabureta mbili za Amal za milimita 32. Petroli ikikaa ndani huacha utomvu, na tundu linaloziba kwanza ni lile dogo la mwendo wa silensa, yaani injini ikiunguruma taratibu bila kuvuta gesi, ambalo upana wake ni kama milimita 0.4. Kupuliza kwa pampu hakutoshi. Toa skrubu ya hewa, ingiza waya wa gitaa mwembamba wa kipimo hicho hicho, usugue taratibu mpaka usikie umepita. Kisha ndiyo upulize. Kwa mzee wa Shela, kabureta ya kushoto ilikuwa imeziba kabisa. Alikuwa akiwasha silinda moja huku nyingine ikisubiri kuvutwa. Nadhani sehemu ya maumivu ya goti lile ilitoka hapo.

Plagi mpya, kiini cha koili kisicho na ufa, waya wa plagi usiopitisha cheche pembeni. Hayo kila fundi anayajua, sitayarefusha.

Hatua ya pili: teke la kurudi

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo stata nyingi zinapofia.

Injini ya silinda mbili kubwa inapowashwa, cheche ikija mapema kupita kiasi, moto humsukuma pistoni chini kabla hajafika juu. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inarudi nyuma kwa ghafla. Ukiwa umeweka mguu kwenye kiki, inakutupa. Wazee wengi wana makovu ya hilo. Ukiwa na stata, hakuna mguu wa kutupwa. Nguvu yote inakwenda kwenye klachi ya njia moja, ile yenye vigololi au vijino vidogo vinavyokamata mota inaposukuma na kuachia injini inapokimbia. Kwa upande mmoja mota inasukuma mbele, kwa upande wa pili krenki inakuja nyuma, na katikati kuna kipande cha chuma kisichozidi kiganja.

Nilijifunza hili kwa pikipiki ya mteja wa Mambrui. Nilimfungia stata nzuri, sikupima taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, nikaamini maneno yake kwamba "iko sawa". Wiki ya tatu akabonyeza kitufe, injini ikapiga "taa!" mara moja, na tangu hapo mota ikawa inazunguka peke yake kwa sauti nyembamba, injini haisogei. Nilipofungua kikasha cha cheni, oili ilitoka na unga wa fedha. Chini kabisa kulikuwa na kigololi kimoja kimekatika kama punje ya mahindi iliyogongwa nyundo, na kwenye gurudumu la ndani kulikuwa na vibonyeo vitatu, kila kimoja mahali kigololi kilipokuwa kimekamata. Nililipa klachi ile kutoka mfukoni mwangu. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo pima. Commando inataka cheche nyuzi 28 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu, taimingi ikiwa imesogea yote. Kwenye kifuniko cha cheni kuna kizibo. Ukikitoa utaona kipimo cha nyuzi na alama kwenye rota. Tumia taa ya taimingi injini ikiwa inakimbia. Ila kipimo kile cha kiwandani mara nyingine si sahihi, kwa hiyo kihakikishe mara moja kwa sahani ya nyuzi na kizuizi cha pistoni, uweke alama yako mwenyewe ya rangi nyeupe. Fanya kazi hii kabla ya kuugusa upande wa cheni kwa ajili ya stata.

Kama bado unatumia pointi, zile za kizamani zinazofunguka na kufunga ili kutoa cheche, fungua kifuniko cha kulia uangalie kifaa cha kusogeza taimingi nyuma ya sahani ya pointi. Kina vizito viwili na springi mbili. Kwa hewa yetu ya chumvi, vizito hivyo hushika kutu na kuganda vikiwa vimefunguka. Injini inakimbia vizuri barabarani, hujui lolote, lakini wakati wa kuwasha cheche inakuja nyuzi 28 mapema badala ya kungoja. Vishike kwa vidole: vifungue, viachie. Visiporudi vyenyewe haraka, visafishe na uvipake oili nyepesi, na springi iliyolegea itupe.

Kama una mfumo wa cheche wa elektroniki wa kizamani, hatari ni nyingine. Baadhi ya visanduku vile, hasa vya Boyer vya kizazi cha kwanza, volti ikianguka chini ya 10 hivi huchanganyikiwa na kutoa cheche mapema. Na volti huanguka lini? Pale pale stata inapovuta. Betri dhaifu inaleta teke la kurudi, teke la kurudi linavunja klachi, na mwenye pikipiki anailaumu seti ya stata. Kama ndicho ulicho nacho, nunua kisanduku kipya kinachovumilia volti ndogo pamoja na stata, usingoje.

Hatua ya tatu: kuchagua seti

Norton wenyewe waliweka stata kwenye Commando 850 Mk3 ya mwaka 1975. Ilikuwa mota ya Prestolite yenye brashi mbili (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota), na waendeshaji waliiona haina nguvu ya kutosha. Wengi waliichukulia kama msaidizi wa kiki tu. Baadaye watu waligundua kwamba mota ile ile ikibadilishwa kuwa ya brashi nne na kupewa nyaya nene, inawasha vizuri. Kama umepata Mk3, anza na hayo kabla ya kununua seti ya mtu mwingine.

Kwa Commando ya zamani zaidi, kabla ya kutuma pesa muulize muuzaji mambo haya, na ukae na majibu yake kwa maandishi. Kiki inabaki? Mimi siifungi seti inayoondoa kiki, hata kwa mtu mwenye goti bovu, kwa sababu siku moja atakwama Marafa na kijana yeyote atampigia teke. Kuna kinga ya teke la kurudi, yaani sehemu inayoteleza kabla klachi haijavunjika? Klachi ya njia moja ni ya namba ya kawaida ya kiwandani, au wameichonga wenyewe? Ya namba ya kawaida unaweza kuitafuta kwenye maduka ya beringi Mombasa. Ya kuchonga, utangoja kifurushi. Na mwisho, mota inakubali athi chanya, yaani chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyoungwa kwenye bodi?

Hilo la mwisho linataka hatua yake.

Hatua ya nne: chanya na hasi

Gari, tuktuk na bodaboda zote unazozijua zina hasi ya betri kwenye bodi. Norton ya zamani ni kinyume: chanya ndiyo iko kwenye bodi. Vijana wetu wa umeme wamelelewa na hasi kwenye bodi, mkono unakwenda wenyewe.

Mota za stata nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu ndani. Mota ya aina hiyo, ukigeuza chanya na hasi, inazunguka kinyume. Klachi ya njia moja haitakamata, mota itapiga kelele bila kusukuma, na fundi ataanza kuhangaika kutafuta kosa lisilokuwepo. Kwa hiyo ama ununue seti iliyotengenezwa kwa athi chanya, ama uigeuze pikipiki nzima iwe ya hasi.

Kugeuza si kazi kubwa ukiifanya kwa mpangilio. Kwanza, rektifaya (inayoufanya umeme wa alternata uende upande mmoja) na daiodi ya zena ya zamani (inayozuia volti isipande mno) vitoke, mahali pake iingie regyuleta moja ya kisasa inayofanya kazi zote mbili. Pili, geuza nyaya za koili. Tatu, kile kikopo cha bluu cha kapasita kina upande wake, kitoe kabisa. Nne, kisanduku cha cheche kifungwe kwa mchoro wa athi hasi, na kama hakina mchoro huo, usikiunge. Alternata, ile jenereta iliyo kwenye injini, haijali, umeme wake unageukageuka tayari. Usiiguse.

Ukiacha chanya kwenye bodi, andika kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko cha betri: ATHI CHANYA. Nimeona Commando iliyosaidiwa na tuktuk njiani, mtu mwema akaunga bodi na bodi, na regyuleta ikatoa moshi.

Hatua ya tano: nyaya

Ningeweza kuandika kurasa kuhusu nyaya, maana Malindi nyaya ndizo zinazonisumbua kuliko kitu chochote.

Chukua mfano. Stata ya injini ya 850 inavuta tuseme ampea 150 inaposukuma. Kutoka betri hadi rilei (swichi nzito inayoamriwa na kitufe), kutoka rilei hadi mota, na kurudi kutoka injini hadi betri, jumla ni kama mita 1.8. Ukitumia waya wa milimita mraba 6, ambao mafundi wengi wanauona "mnene", utapoteza karibu volti 0.8 njiani kabla mota haijapata kitu. Ukitumia wa 16, unapoteza karibu 0.3. Wa 25 unapoteza karibu 0.2. Betri yenyewe inaposukuma inashuka hadi kama volti 10.5. Ondoa 0.8 hapo, ongeza vichwa vya waya vyenye kutu, mota inabaki na volti 9 au chini. Itazunguka kwa uvivu, itapata moto, itakula brashi. Mimi nafunga 16 kama umbali ni mfupi, 25 kama betri iko mbali. Sishuki hapo.

Waya wenyewe usinunue wa gari wa kawaida. Kata sentimita mbili za ganda la waya wa shaba uliokaa miaka miwili karibu na bahari uone: nyuzi za nje zina kutu ya kijani, za ndani nyeusi, na weusi unapanda chini ya ganda hata pale usipoonekana. Nenda kwa watu wa boti. Malindi ina mashua za uvuvi wa michezo na za watalii, na mafundi wao wanatumia waya uliopakwa bati kila uzi. Bei iko juu kidogo, lakini nilioufunga miaka sita iliyopita, ukiukata leo nyuzi bado nyeupe.

Vichwa vya waya vibane kwa koleo la kubania, lile la mikono mirefu. Sichomelei kwa risasi peke yake. Waya ukipata moto mkali wa stata risasi inaweza kulainika, na pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na kukatika kwa mtikisiko. Baada ya kubana, funika kwa mpira wa gundi unaokaza kwa moto, kuanzia shingo ya kichwa hadi juu ya ganda, hewa isipate pa kuingilia.

Sasa jambo la Norton peke yake. Injini ya Commando imekaa juu ya mipira ili mtikisiko usimfikie mpandaji. Mpira haupitishi umeme. Athi ikifungwa kwenye fremu, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi: kebo ya klachi, kebo ya kabureta. Zitapata moto, zitayeyuka ndani. Waya wa athi lazima utoke kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye injini au giaboksi, kwenye bolti iliyosuguliwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Na uwe na ulegevu, kama upinde, kwa sababu injini inacheza. Waya uliovutwa kama kamba ya nanga utakatika.

Umeme wa mota usipite kwenye swichi ya mkononi wala kwenye fyuzi ya zamani. Kitufe kinaamuru rilei, rilei ndiyo inayobeba mzigo.

Hatua ya sita: betri na chaji

Nunua betri iliyofungwa, aina ya AGM, ya volti 12 na ampea saa 14 au zaidi, ambayo namba yake ya CCA, yaani ampea inazoweza kutoa wakati wa kuwasha kwenye baridi, haipungui 200. Pima nafasi chini ya kiti kabla ya kununua. Kwenye Commando betri inakaa karibu na tenki la oili, na oili ya moto ni jirani mbaya: betri ya risasi, kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, hupoteza karibu nusu ya umri wake. Weka kipande cha mpira mnene au cha sponji isiyoshika moto katikati.

Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu, na watu wa Nairobi wanazipenda. Usizifunge bila regyuleta ya kisasa inayoishia volti 14.4 hivi. Zena ya zamani haiaminiki kwa hilo.

Watu wanadhani kuwasha mara nyingi ndiko kunakomaliza betri. Piga hesabu: ampea 150 kwa sekunde 4 ni ampea saa 0.17 tu. Kuwasha mara sita sokoni ni kama ampea saa moja. Kinachomaliza ni safari zenyewe. Alternata ya Lucas ya pikipiki hizi hutoa wati 120 hivi ikikimbia vizuri, na kidogo sana ikiwa silensa. Taa ya mbele, taa ya nyuma na koili vinakula karibu zote. Mtu anatoka Shela hadi sokoni, foleni ya tuktuk, taa imewaka, gia ya pili, anarudi. Betri haikupata kitu. Badili taa ya mbele iwe ya LED, na mara moja kwa wiki mpeleke mnyama barabarani, daraja la Sabaki mpaka Gongoni na kurudi, apate kujaza betri.

Hatua ya saba: upande wa cheni

Fuata karatasi ya mtengenezaji neno kwa neno, nguvu za nati zote kwa spana ya kupimia. Nina mawili tu ya kuongeza. Pengo kati ya rota na duara la koili za alternata linaloizunguka liwe milimita 0.2 hadi 0.25 pande zote. Kata kipande cha plastiki cha chupa chenye unene huo, kizungushe chote, kisipokwama popote umefanikiwa. Na oili ya kikasha iwe ile aliyotaja mtengenezaji. Oili za gari zenye dawa ya kupunguza msuguano huifanya klachi ya njia moja iteleze.

Hatua ya nane: mita, siku ya kwanza

Usimkabidhi mwenyewe kabla ya kupima haya.

Betri ikiwa imepumzika usiku mzima: volti 12.6 hadi 12.8. Ikiwa 12.2, imejaa nusu, chaji kwanza.

Zima cheche, bonyeza kitufe sekunde tatu, mita kwenye nguzo za betri: isishuke chini ya 9.6.

Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri inayokwenda kwenye rilei, ya pili kwenye skrubu ya mota, bonyeza tena: isizidi 0.5. Kisha nguzo ya athi ya betri hadi mwili wa injini: isizidi 0.2. Ikizidi, usitafute mota. Kuna kichwa hakijabanwa, au rangi chini ya bolti.

Washa, ipandishe mpaka mizunguko 3,000: betri isome 13.8 hadi 14.5.

Andika namba hizi kwenye karatasi, ibandike chini ya kiti. Mwakani ukipima tena utajua kilichobadilika.

Namna ya kuiwasha

Pikipiki iliyokaa wiki mbili, oili hujipenyeza kutoka tenki hadi tumboni mwa injini. Norton zina tabia hiyo. Krenki inazunguka ndani ya oili nzito, na stata inabeba mzigo wa bure. Imwage kwanza kwa kizibo cha chini uirudishe kwenye tenki. Ukishindwa, isukume kwa kiki polepole mara tano, cheche ikiwa imezimwa, kumwachia pistoni alegee.

Bonyeza vijiti vya kabureta mpaka petroli idondoke, zote mbili. Washa cheche. Kitufe sekunde nne, si zaidi ya tano. Isipowaka, acha nusu dakika. Mara tatu zikipita bila kuwaka, ondoa kidole ukatafute sababu.

Baada ya hapo

Pepo mbili zinatawala kazi ya kutunza. Kusi inapovuma na masika yake, rasharasha ya bahari inafika mbali kuliko watu wanavyodhani, na nyumba za karibu na ufuo pikipiki inalala kwenye ukungu wa chumvi. Kila mwisho wa mwezi fungua vichwa vya betri na vya rilei, sugua, kaza, paka grisi juu baada ya kukaza. Kaskazi ni kavu, kazi inapungua. Hapo ndipo nafungua kifuniko cha mota kutazama brashi.

Osha kwa maji ya mfereji. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na nimeona watu wakiosha pikipiki kila Jumamosi kwa maji ya kisima wakishangaa kutu inatoka wapi. Usiifunike kwa turubai la nailoni ikiwa na unyevu. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Commando ya mzee niliipima tena Jumatatu iliyopita. Betri 12.7, ikishuka hadi 10.6 wakati wa kusukuma, athi 0.1. Ameihamishia nyuma ya nyumba, ukuta ukiwa kati yake na bahari. Mkono wa kiki alikataa nisiupake hata rangi, akasema uache ulivyo, soli zake za viatu za miaka arobaini ndizo zilizoung'arisha.